Fulana za Rafu ya Juu

Meja hakuwa mtu wa kuingia nyumba za askari wa chini. Akimtaka mtu humwita, na aliyeitwa hukimbia huku akifunga vifungo njiani. Kwa hiyo alasiri ile alipoinama kupita mlango wa nyumba ya Sajini wa Stoo, kofia mkononi na tabasamu usoni, mke wa Sajini alijua papo hapo kwamba kuna jambo limekwenda mrama. Aliinuka kwenye cherehani yake, akafuta kwa kiganja kiti ambacho alishakifuta asubuhi, akamkaribisha.

“Karibu ukae, afande. Utusamehe kwa vitambaa hivi.”

“Vitambaa ndiyo riziki yako, Fundi. Na ndivyo vilivyonileta.”

Kambi nzima ilimwita Fundi. Alipunguza suruali za makuruta, akageuza kola za mashati ya maofisa zikarudi kuwa mpya, akashona sare za shule za watoto wa kota zote kwa mkopo ambao wenyewe waliulipa wanapojisikia. Mumewe alisimama nyuma ya Meja, amekumbatia kitu kilichofunikwa gunia, macho kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe utadhani mgeni asiyejua atalala wapi. Pembeni, mama yake Sajini alikuwa akichagua mchele kwenye sinia. Hakuacha kuchagua, ila mkono ulipunguza mwendo.

Sajini alikiweka kitu kile mezani na kulivuta gunia. Ilikuwa fulana ya kuzuia risasi, ya rangi ya majani makavu, nene, imeshonwa pande zote bila kuachwa hata kitundu cha kupitisha kidole.

“Umewahi kuiona kwa karibu?” Meja aliuliza.

“Hapana, afande.”

“Basi itazame vizuri.” Akakaa, akaweka kofia gotini. “Mwaka jana tulitengewa fedha za fulana hizi. Zimelipiwa, zinakuja. Sasa wizarani wameamua kutuma wakaguzi, na mkaguzi ukimwambia kitu kinakuja anakuona mwongo. Zilizofika ni chache, zimejaza rafu moja tu, ile ya juu. Rafu zilizobaki ni tupu, na wenyewe wanafika wiki ijayo. Nataka unijazie rafu, Fundi. Turubai ya rangi hii ipo, uzi nitakuletea. Shona zifanane na hii, ndani weka chochote chenye uzito.”

“Chochote kama nini, afande?”

“Kwenye ile nyumba yangu ninayojenga kumebaki vigae vya bafuni, maboksi kwa maboksi. Dereva atavileta.”

Mama mkwe akainua kichwa. “Na hao wakaguzi wakifungua?”

Sajini alifumba macho kwa aibu, lakini Meja alicheka, tena kwa upole. “Hawafungui, mama. Kilichomo ndani ya fulana ni siri ya ulinzi. Wao kazi yao ni kuhesabu.”

“Wanahesabu wasichokijua?”

“Ndiyo maana ya siri, mama yangu.”

Fundi alikuwa ameshaanza kupitisha kidole kwenye mshono bila kujitambua, jinsi mtu wa ushonaji afanyavyo hata msibani. Aliuliza kama angeruhusiwa kuifumua ile moja aone imepangwaje ndani, halafu airudishie. Meja akaacha kutabasamu. Alisema hiyo ni mali ya serikali, mshono wake usiguswe, atazame tu kwa macho na ashone kwa macho. Kisha akamgeukia Sajini na kumuuliza swali ambalo jibu lake wote wawili walilijua.

“Sajini, nani alitia saini kwamba fulana zote zimepokelewa stoo?”

“Ni mimi, afande.”

“Zote?”

“Zote, afande.”

“Mnaona.” Meja aliinuka, akavaa kofia. “Mimi sipendi kuona mtu mwema anaharibikiwa, ana mzazi ndani na watoto shule ya bweni. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe.” Akaacha bahasha ndogo juu ya cherehani, akasema ni ya mafuta ya mashine. Kweli ilitosha mafuta ya mashine.

Gari lake lilipokwisha kuondoka, Fundi alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti, kwa sababu kuta za kota zilikuwa nyembamba na jirani wa kushoto alikuwa na masikio ya ziada.

“Ulitia saini kitu ambacho hukukiona?”

“Afande wako akikuwekea kidole kwenye karatasi akakwambia hapa, wewe ungesemaje? Ungemwambia subiri kwanza nijaribu moja?”

“Ningeuliza ziko wapi.”

“Niliuliza.” Sajini aliketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la Meja, akainuka tena upesi. “Nikaambiwa mambo ya ulinzi hayaulizwi. Mimi nalinda nini mle ndani, sijui. Ninalinda kufuli.”

*

Akashona. Alifunga mapazia mchana kweupe, na majirani walipouliza akawajibu kwamba ana oda ya mifuko ya magodoro ya hospitali. Turubai ile ilikuwa ngumu, ikivunja sindano na kumchubua vidole, na vigae vilikuwa vyeupe vyenye maua ya buluu, vizuri ajabu. Kila alipokitumbukiza kimoja gizani alikionea huruma, kwa maana mwenyewe alikuwa anaogea kwenye saruji iliyopasuka.

Ya kwanza ilipokwisha, Sajini aliishika, akaipima uzito, akasema itapita.

“Haipiti,” Fundi akasema. “Bega limekaa kama mto wa kulalia.”

“Hao watasimama mlangoni, mke wangu. Hata gunia la viazi lingepita.”

“Kwangu halipiti.”

Akaifumua yote, akaanza upya. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi hodari. Mbabaishaji angeshona kihovyo, na siku ya siku macho ya mtu yeyote yangezitenga fulana za kweli na za uongo. Yeye aliingiwa na ile tamaa ya kazi ambayo humfanya fundi asahau anamshonea nani na kwa nini. Aliuiga mshono wa mistari miwili ukingoni, akaiga msalaba wa uzi begani. Kwapani upande wa kushoto aliona kwamba uzi wa ile ya mfano ulikuwa umerudi nyuma kidogo na kupita tena palepale. Alitikisa kichwa, akajisemea kumbe hata viwandani wanakosea, na kosa lile nalo akaliiga, katika kila moja.

Wakaguzi walikuja, wakatembezwa, wakanyweshwa chai. Walisimama mlangoni mwa stoo, wakahesabu rafu kwa ncha ya kalamu. Mmoja, kijana wa miwani, aliomba kushika moja, akapewa, mikono ikashuka kwa uzito wake. “Hii ni kazi,” alisema kwa heshima. Wakaondoka wameridhika. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba fungu la ulinzi limeongezwa tena, na kwamba ufafanuzi wake hautatolewa kwa sababu za kiusalama.

“Wameongeza,” mama mkwe alisema, akaizima redio. “Mwambieni Meja ajenge bafu la pili.”

Sajini alicheka mpaka akapaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya ile bahasha, na Fundi alicheka naye, akadhani yamepita.

*

Kila Jumapili, Njiti alikuja kula. Njiti alikuwa mdogo wake Fundi, wa mwisho kwa mama yao. Mama alimwacha akiwa bado wa kubebwa, na Fundi ndiye aliyembeba, akamlea, akamsomesha alipoweza na kumpeleka jeshini aliposhindwa. Wenzake bwenini walimpa jina hilo kwa wembamba wake. Alikula kama mtu anayejaza pipa, na hakuna aliyejua chakula kilikokwenda.

Jumapili moja, akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, alikiona kipande cha kigae chini ya cherehani. Akakiokota, akakigeuzageuza.

“Dada, hiki nakijua.”

“Unakijuaje?”

“Mgongo wangu ndio unaokijua. Si sisi tulipelekwa kujenga kwa Meja? Tuliambiwa ni mazoezi ya uhandisi. Bafu la wageni nilibandika mimi peke yangu, magoti yakatoka damu.” Akacheka. “Kimefikaje hapa?”

“Dereva alitugawia vilivyovunjika. Naviwekea sufuria za moto.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya tangu alipokuwa mtoto, na Njiti, ambaye hakuwahi kuona sababu ya kutomwamini dada yake, akakirudisha kigae chini ya mashine kwa uangalifu kisivunjike zaidi.

Kisha akasema kilichomleta mapema. Huko mpakani mambo yalikuwa yamechafuka. Waliovamia walikuwa wameteka kituo cha mbele, na askari waliokuwamo hakuna aliyerudi kusimulia. Kikosi chao kimepewa amri, wanaondoka keshokutwa asubuhi.

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Sajini aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna, shavu limejaa.

“Msinitazame hivyo, bado sijafa,” Njiti akasema. Alikuwa anaogopa, na kwa sababu anaogopa aliongea haraka. “Tena safari hii si kama wale wa kwanza waliokwenda na mashati matupu. Tunapewa fulana. Nimezichungulia stoo, shemeji, zimejaa hadi darini. Nilipoziona, dada, nikasema haya, sasa naweza kwenda.”

Fundi aliinuka akaenda jikoni. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akisikia sauti ya mdogo wake ikiomba aongezewe mchuzi. Alikuwa amezijaza rafu zile kwa mikono yake. Aliupakua mchuzi ukamwagika, akaupakua tena.

*

“Waambie zimeingia maji,” alimwambia mumewe siku ya pili, wakiwa uani wanaanua nguo ambazo hazijakauka. Pale angalau waliweza kumwona kila anayepita. “Waambie panya.”

“Panya wamekula vigae?”

“Basi nenda kwa mkubwa wa Meja.”

“Nimwambie nini? Kwamba nilisema nimepokea, na sikupokea? Kwamba mke wangu alishona?” Sajini alikuwa akikunja shati lilelile kwa mara ya tatu. “Meja hana jina lake mahali popote. Saini ni yangu, stoo ni yangu, ufunguo huu hapa. Watanifunga mimi kabla sijamaliza sentensi. Wakati huu wa vita mwenye kosa kama langu hafungwi tu. Unanielewa?”

Alimwelewa. Waliwahi kumwona mtu akishushwa kwenye gari la polisi wa jeshi, hajavaa mkanda wala viatu, na mkewe akitolewa vyombo nje siku hiyohiyo mchana. Fundi akisema, anampoteza mume. Akinyamaza, anampoteza mtoto aliyemlea, na kwa mkono wake. Alijaribu kutafuta njia ya tatu, na mumewe, ambaye naye hakuwa amelala, ndiye aliyeipata.

“Zile za rafu ya juu,” alinong'ona. “Zile ni za kweli. Meja ameagiza ziwe za maofisa, na yeye mwenyewe amechukua yake. Lakini anayegawa ni mimi. Moja nitampa Njiti.”

“Una hakika?”

“Nitaitenga kwa mkono wangu.”

Fundi akashusha pumzi. Lazima isemwe kwamba alifurahi, furaha nyembamba yenye aibu ndani yake, kwa sababu alijua kuna dada wengine na mama wengine kwenye nyumba zile zote, nao hawakuwa na mtu wa stoo. Mama mkwe alikuwa dirishani, na wala hakujifanya hakusikia.

“Na wenzake?” aliuliza.

“Mama, tafadhali,” Sajini akasema.

“Nimeuliza tu. Kuuliza nako kumekuwa siri?”

Waliingia ndani na nguo zao mbichi.

*

Asubuhi ya kuondoka, uwanja wa gwaride ulijaa. Malori yalisimama kwa safu, injini zinaunguruma, na familia ziliruhusiwa kusogea hadi mstari wa chokaa kuwaaga watu wao. Sajini alikuwa mlangoni mwa stoo akigawa fulana, mkono mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama usoni yeyote aliyepokea. Meja alitembea huku na huku ndani ya fulana yake, kifua mbele, akipigwa picha.

Njiti alikuja mbio mpaka kwenye mstari, fulana inamning'inia. Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, yeye akacheka pia, midomo imemkauka.

“Dada, inacheza mwilini. Nikikimbia inanipiga kidevu. Ibane kidogo hapa kwapani.”

Fundi hakuwahi kutoka nyumbani bila sindano kwenye kola na wembe kwenye kikaratasi. Alimtazama mumewe kwa mbali. Sajini akatikisa kichwa kidogo sana, maana yake ndiyo, ndiyo yenyewe, ya rafu ya juu. Basi akapiga goti.

“Inua mkono.”

Njiti aliinua mkono wa kushoto. Fundi aliukagua uzi kwanza. Haukuwa uzi wake. Ule aliopewa yeye ulikuwa na ukijani ambao aliulalamikia tangu siku ya kwanza, na huu ulikuwa wa kahawia. Moyo ukatulia. Kisha kidole chake kilifika mahali pale ambapo mshono ulikuwa umerudi nyuma na kupita tena, kosa la kiwanda lile alilolishona mara nyingi kiasi cha kuliota, na kidole kikakataa kuondoka.

Kwa sababu sasa, akiwa ameinama na pumzi ya mdogo wake juu ya utosi wake, aliona kitu ambacho pale mezani kwake kilimpita. Halikuwa kosa. Yeye mwenyewe hufanya hivyo akishona mto: huujaza, huufunga, na anapofika mwisho huirudisha cherehani nyuma kidogo ili uzi usifumuke. Hapo ndipo mtu alipofungia. Mwanamke fulani, nyumbani kwake, labda naye alifunga mapazia.

“Dada, wanapuliza filimbi.”

Akachukua wembe. Alikata uzi mmoja, wa pili, wa tatu, turubai ikafunguka mdomo, na mchanga ukaanza kumwagika juu ya buti za Njiti. Aliingiza vidole. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya ubao mwembamba wa sanduku, kimoja kina nusu ya neno SABUNI, na katikati yake mfuko wa mchanga alioutoboa kwa wembe. Hakikuwamo chuma, hata cha kuzibia debe.

Njiti alitazama chini. Alikuwa kijana mwepesi wa kuelewa, na safari hii alitamani asingekuwa. Hakupiga kelele. Alimwinamia dada yake akazungumza taratibu, akimbembeleza.

“Shona, dada.”

“Njiti.”

“Shona tu. Nikibaki wataniita mwoga. Wanafungwa wanaobaki, dada. Shona, nitakwenda hivyohivyo.”

Sindano ilikuwa kwenye kola yake. Aliigusa. Angeweza kuufunga ule mdomo upesi kuliko mtu yeyote kambini, tena vizuri kabisa. Lakini mkono wake haukushuka nayo, na mchanga uliendelea kutoka, na wanawake waliokuwa karibu walikuwa wameacha kucheka. Mmoja wao, mke wa dereva wa lori la kwanza, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, “Ni nini hicho?”

Fundi akasimama. “Ni mchanga,” akasema. “Na ubao wa sanduku la sabuni.”

Meja alikuwa ameshafika. Macho yake yalikwenda kwenye mchanga, yakaenda kwa mpiga picha, yakarudi. Alipozungumza hakuongea na Fundi.

“Sajini. Mwondoe mkeo hapa.”

Sajini alitoka mlangoni mwa stoo, akavuka uwanja. Haikuwa mbali, ila alitembea utadhani ana mzigo. Polisi wa jeshi wawili walikuwa wameanza kusogea kutoka getini. Fundi alimtazama mumewe anavyokuja, uso umelowa jasho, akajua atamshika mkono na kumburuta mbele za watu, na akajua pia kwamba hatamlaumu. Watu huogopa. Yeye mwenyewe aliogopa wiki zote zile.

Sajini alisimama mbele yake. Akauangalia ule ubao. Fulana ile alikuwa ameitenga kwa mkono wake, akiamini amemwokoa shemeji yake. Kisha akanyoosha kiganja, akautwaa ule wembe kutoka vidoleni mwa mkewe, akamgeukia askari aliyekuwa karibu, kijana asiyemjua hata jina.

“Inua mkono,” akamwambia.

Askari aliinua. Sajini hakuwa fundi, alichana tu turubai kwa nguvu, vibaya, mpaka ikapasuka. Kigae kilitoka kikaanguka kwenye saruji na kuvunjika. Kikafuata kingine. Vilikuwa vyeupe, na vina maua ya buluu.

Nusu ya kikosi kile ilikuwa imewahi kuvibeba vigae hivyo begani. Hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja nyuma kabisa alicheka kidogo, akanyamaza aliposikia yuko peke yake.

“Vya bafu la Meja,” Njiti akasema, na sauti yake, ambayo mwanzo ilikuwa ya kubembeleza, haikubembeleza tena. “Nilivibandika mimi.”

“Niliyetia saini ni mimi,” Sajini akasema. Alijaribu kuipaza, ikamkatika, akaanza tena. “Kwamba zote zimefika. Ni mimi, na hazikufika. Za rafu za chini zimeshonwa nyumbani kwangu kwa vigae hivi. Za juu niliambiwa ndizo za kweli.” Akageuza kichwa kuelekea kwenye mstari wa chokaa, akamtafuta mama yake. “Mama. Nenda ukafungashe vitu.”

“Nilishafungasha jana,” mama yake akajibu.

Askari wa kwanza aliivua fulana yake na kuiweka chini. Hakuna aliyemwamuru. Wa pili akavua, na wa tatu, zikawa zinashuka kwenye saruji moja moja kwa kishindo kizito. Polisi wa jeshi walikuwa wamesimama njiani, wanamtazama Meja, wakingoja amri ya kumkamata nani.

Meja hakuitoa. Alikuwa akiutazama ubao ulioandikwa nusu ya sabuni, ule uliotoka kwenye fulana ya rafu ya juu, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Kwamba zile za chini ni vigae alijua tangu mwanzo. Hili la juu hakulijua. Mkono wake ulipanda polepole hadi kifuani, ukagonga turubai mara moja, taratibu, kama anayebisha hodi. Malori yalikuwa bado yananguruma, na lori la mbele, lile lake, lilikuwa limefunguliwa mlango.

“Fundi,” akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wachache. “Na hii niliyovaa mimi?”

Mwanamke alimtazama. Kwa mara ya kwanza hakumwogopa, na hilo lilimtisha Meja kuliko yote.

“Sijui, afande,” akasema. “Mpaka niifumue.”

Meja akainua mkono wa kushoto.